Pima Arobaini

Jiwe lilikuwa limesimama wima kupita kiasi. Hilo ndilo jambo la kwanza Inspekta aliloliona, na ndilo lililomfanya achuchumae kwenye umande, barua ikiwa bado mkononi.

Barua ilitoka nchi ya upande wa pili wa mlima. Ilisema, kwa adabu zote za kiofisi, kwamba jiwe la mpaka nambari saba lilikuwa limehamishwa. Kwa mujibu wa ramani mpya lilipaswa kuwa mita arobaini kutoka chemchemi, nalo sasa lilikuwa mita sabini na mbili. Kwa hiyo safu nzima ya kwanza ya kijiji, nyumba kumi na moja, ilikuwa imejengwa juu ya ardhi ya wenyewe, na ibomolewe. Tume ya pande zote mbili ingekutana hapohapo kwenye jiwe, kesho yake saa nne asubuhi.

Inspekta aliinua macho akaitazama hiyo safu ya kwanza. Kijiji hakikuwa kimetimiza hata mwaka. Mabati yake yalikuwa bado yanaumiza macho jua likiyapiga. Barabara ilipofika chini ya mteremko ilikuwa imekata tamaa, kwa hiyo kila bati, kila mfuko wa saruji na kila fremu ya dirisha vilipanda mlima vichwani mwa watu. Mwanamke aliyempokea asubuhi hakumwonyesha nyumba yake, alimwonyesha bati. La tatu kutoka ukingoni, alisema, lile lenye mkwaruzo, nilipanda nalo mimi na mimba ya miezi mitano. Hapo kila mtu alikuwa na bati lake la kuonyesha mgeni, hata kama lilikuwa limeezekwa kwa jirani.

"Saruji hii haina wiki mbili, Afande," alisema Koplo, akigonga shina la jiwe kwa ncha ya kiatu. Yeye ndiye aliyetangulia kufika, siku moja kabla, na kesi alikuwa ameshaimaliza kichwani. "Kijiji kizima kina fundi mmoja tu wa kusawazisha saruji ikalainika hivi. Mtaimbo wake nimeukuta nyuma ya nyumba, una ukoga wa jiwe hili. Nimemfungia stoo ya shule."

"Stoo ina dirisha?"

"Inalo. Lakini alilijenga mwenyewe. Hawezi kulivunja."

Inspekta alipitisha kidole juu ya jiwe. Sehemu ya juu ilikuwa na ukoga wa kijani wa miaka mingi. Ya chini ilikuwa na doa jekundu la udongo, pale lilipokuwa limezikwa zamani. Kati ya kijani na nyekundu kulikuwa na mstari, na mstari ule ulikwenda mshazari. Upande wa bonde doa lilifika vidole vinne tu juu ya saruji. Upande wa mlima lilifika shubiri nzima. Alipima mara mbili kwa mkono wake, akaandika.

Akamuuliza Koplo jambo moja: mtu aking'oa jiwe la uzito wa watu wanne akalipeleka kwingine, anaacha nini nyuma. Koplo akajibu kwamba anaacha shimo. Basi shimo liko wapi? Koplo akahesabu mita arobaini kwa macho toka chemchemi, na macho yake yakagota kwenye jiko la nyumba nambari nne. Shimo, alisema, litakuwa chini ya sakafu. Ndiyo maana waliharakisha kusakafia.

"Au halipo," alisema Inspekta.

Kulichimbua jiwe wasingeweza. Sheria ya mpaka ilikuwa wazi kama maji: asiliguse mtu bila wawakilishi wa pande zote mbili kuwepo. Ushahidi wowote alioutaka ilibidi aupate juu ya ardhi, tena kabla ya kesho saa nne.

*

Mwenyekiti wa kijiji alimsubiri kwenye uwanja wa shule, chini ya mlingoti wa bendera, amevaa koti zito la kupokelea wageni. Alikuwa ameshakata shauri. Alimweleza Inspekta, kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka, kwamba fundi akikabidhiwa kesho mbele ya tume kama mkosaji pekee, huenda wenzao wakalainika, wakakubali kuzungumza juu ya zile nyumba. Mmoja akipotea, kumi na moja wapone.

Inspekta aliuliza kama moja ya zile kumi na moja ilikuwa ya fundi. Ilikuwa ya tatu. Akauliza nani wamo ndani yake. Mke wake, mama mkwe wake, na kichanga cha wiki tatu.

Mwenyekiti alitazama kando. Kisha akaongeza kwamba yule bwana naye ana kiburi, anajua kila kitu, hata mlingoti ule aliusema vibaya mbele ya mkuu wa wilaya.

Kijiji kilimwita fundi huyo Timazi, kwa sababu ya ule uzi wenye kitonge cha chuma ambao mafundi hupimia ukuta kama umesimama. Wenzake waliutoa mfukoni wakati wa kazi. Yeye aliutembeza shingoni kama mkufu. Walisema hawezi kula kwenye meza yenye mguu mfupi, na kwamba siku ya ndoa yake alisimamisha sherehe akamnyooshea msimamizi wake tai.

Walimkuta ameketi juu ya mfuko wa saruji kati ya maboksi ya chaki, akiutazama uzi wake ukining'inia mbele ya fremu ya mlango. Aliinuka kwa heshima. Alirudia yale aliyomwambia Koplo jana: yeye hakuhamisha jiwe lolote, saruji haijui, mtaimbo kila mtu anaazima.

Inspekta hakubishana naye. Aliketi juu ya boksi, akafungua daftari, akamwambia kwa upole kwamba jiwe lile ameliangalia, na anavyoona yeye hapo zamani lilikuwa limeinama kidogo tu, si kitu.

"Kidogo?" alisema Timazi. "Afande, lilikuwa limelala kama mlevi aliyeegemea ukuta. Vidole vitatu kwa kila shubiri."

Koplo aliacha kutafuna kijiti. Timazi alifunga mdomo, lakini neno likishatoka halirudi, na yeye alilijua hilo. Akakaa tena juu ya mfuko wake.

Alisimulia akiwa ameinamisha kichwa. Watoto wa shule hupita pale kila siku. Ramani mpya ilipotangazwa, akajua wageni wangekuja, na wangefika kwenye kijiji ambacho kila kona yake imesimama sawasawa, kisha kitu cha kwanza watakachokiona kiwe jiwe lililopinda. Alivumilia wiki mbili. Asubuhi moja kulipopambazuka alikwenda peke yake na mtaimbo, akalisukuma mpaka uzi ukakubali, akalishindilia mawe, akalizungushia saruji.

"Sikulihamisha hata unene wa kucha. Nimelinyoosha."

"Kwa nini hukusema jana?"

"Kuligusa tu ni jela, na mke wangu yuko arobaini. Nilidhani likishanyooka hakuna atakayeuliza. Nani huuliza kitu kilichonyooka?"

Inspekta alifunga daftari. Nje, Koplo alisema kwamba sasa wana ungamo kabisa. Inspekta alisema wana ungamo la kunyoosha, na hakuna barua iliyolalamikia kunyoosha. Mstari wa udongo ulikuwa mshazari kwa sababu jiwe lilizikwa likiwa limepinda, na doa lote la kuzikwa bado lilikuwa juu kidogo tu ya ardhi. Jiwe lililong'olewa na kuzikwa upya mita thelathini na mbili mbele lisingerudi karibu na kina kilekile kana kwamba limekumbuka. Hilo yeye lilimtosha. Tume lisingeitosha. Tume ilikuwa na karatasi iliyosema mita arobaini, na karatasi hujibiwa kwa karatasi.

*

Karatasi ilikuwa ya Mpima ardhi, kijana nadhifu aliyetumwa na wizara zote mbili kuchora ramani mpya, na aliyepiga hema lake karibu na chombo chake cha miguu mitatu kama mtu na ng'ombe wake. Alijibu kila swali kabla halijaisha. Ndiyo, umbali wa mita arobaini aliutoa kwenye daftari la zamani la mpaka, lililoko masijala mjini. Ndiyo, alilisoma kwa macho yake. Hapana, hakuchukua nakala, alichukua tarakimu. Daftari lenyewe lilikuwa limejaa porojo za miti na miamba.

Inspekta alitaka kulisikia neno kwa neno. Mtandao wa simu ulipatikana mahali pamoja tu kijijini, ngazi ya saba ya tangi la maji, na ngazi ile ilikuwa na foleni. Waliokuwa wakisubiri walimpisha. Aliyekuwa juu aliagana na dada yake akateremka.

Karani wa masijala alikuwa mtu wa makamo kwa sauti, asiye na haraka. Alikwenda, akarudi, akakohoa. Alisema mwandiko ni wa wino, tena mzuri, na kwamba angesoma kama ulivyo bila kutia chumvi.

"'Toka chemchemi hadi mwamba wenye ufa, pima kumi na tano. Toka chemchemi hadi jiwe la saba, pima arobaini.'"

"Pima arobaini za nini?"

"Halikusema, mama. Pima tu."

Inspekta aliandika, akamwomba apige muhuri nakala ya ukurasa ule na kuituma na gari la tume kesho. Alipoteremka alimuuliza Mpima swali lilelile. Kijana alitabasamu. Pima arobaini, alifafanua, yaani upime arobaini. Na watu hupima kwa mita. Hawapimi ardhi kwa vikombe. Na mwamba? Mwamba si alama ya mpaka, kwa hiyo aliuacha.

Inspekta aliondoka na daftari wazi mkononi. Aliisoma ile sentensi njia nzima mpaka nyumba nambari tatu, na kila alipoisoma ilimwamrisha apime.

Alikwenda pale kuandika maelezo ya mke wa Timazi. Mke alikuwa amekaa mlangoni juani, na alithibitisha kila kitu kwa maneno machache: siku, saa, viatu vilivyorudi na udongo mwekundu. Alimgombeza mumewe asubuhi ileile, alisema, lakini alipokwenda kulitazama jiwe alilipenda. Kisha akauliza jambo moja tu, kama nyumba ikibomolewa wataruhusiwa kuondoka na mabati yao.

Mama yake alikuwa akihangaika na kamba ya kuanikia nepi. Ya zamani ilikuwa imekatika, na beseni lilikuwa limejaa hadi pomoni. Mtoto alianza kulia, bibi mikono yake ilikuwa na kazi, binti yake alikuwa akijiinua taratibu, kwa hiyo bibi alimchukua mjukuu akamweka Inspekta kifuani bila kuomba ruhusa.

"Shika, mwanangu. Askari naye ana mikono."

Inspekta alishika. Mtoto alinusa sare ya polisi, akapiga chafya, akanyamaza. Bibi alichukua bunda la kamba mpya, akashika ncha moja kwa mkono wa kushoto, akanyoosha mikono yote miwili mpaka kifua kikatanuka.

"Moja," alisema. Akavuta, akanyoosha tena. "Mbili. Mpaka pale konani, pima nne zatosha."

Inspekta aliacha kumbembeleza mtoto.

"Mama, hiyo ndiyo pima?"

"Sasa ni nini? Toka kidole hiki mpaka kidole kile. Kamba, kitambaa, kina cha kisima, vyote tulipima hivi. Shule mlifundishwa nini?" Alimtazama Koplo, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Ila yangu usiifuate, mimi mfupi. Pima ya dukani ni mikono minne, toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Pima ya mwanamume mzima, kama huyu mrefu asiye na kazi."

Walimpima Koplo palepale kwenye ukuta wa nyumba, mikono ameitandaza kama sanamu ya kufukuzia ndege, utepe wa chuma ukisomwa na mtu aliyebeba mtoto. Mita moja na sentimita themanini. Inspekta alimrudisha mtoto kwa mama yake, akaazima kamba.

Chemchemi ilitoka kwenye mawe yaleyale yaliyotoa maji kabla nchi hizo mbili hazijawa na majina. Chini yake kidogo kulikuwa na mwamba mkubwa uliopasuka katikati, na asubuhi, alipopita, Inspekta alikuwa amewaona kina mama waliofua wakificha vipande vya sabuni ndani ya ule ufa. Alimwambia Koplo aanze hapo kwenye maji, aelekee kwenye mwamba, ahesabu kwa sauti.

Koplo alihesabu. Kina mama waliacha kufua ili wamwone askari akiikumbatia hewa. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na nne. Kwenye kumi na tano mkono wake wa kulia uligusa ufa, na vidole vikatua juu ya sabuni.

Hakuna aliyecheka. Walirudi kwenye maji, wakaanza upya, safari hii kuelekea kwenye jiwe. Walipita kwenye jiko la nyumba nambari nne, mlango wa mbele na mlango wa nyuma, mwenye nyumba akiwashikia mlango. Kwenye arobaini kidole cha Koplo kilifika kwenye saruji ya Timazi. Akamgeukia Inspekta.

"Nikamfungulie, Afande?"

"Bado. Kesho, mbele ya wote. La kunyoosha ni lake, aliseme mwenyewe."

*

Saa nne kamili tume ilikuwa imelizunguka jiwe, watu sita huku na sita kule, na kijiji kizima nyuma yao kimevaa vizuri kama kinachokwenda harusini. Msafara wa upande wa pili uliongozwa na Kamishna mmoja mrefu mwenye miwani, mpole wa kusema na mgumu wa uso. Alisoma barua yake tena kwa sauti. Inspekta alimkabidhi ukurasa wenye muhuri wa masijala, akamwomba asome na huo.

Aliusoma. Alipofika kwenye mwamba, Inspekta alimwomba asimame hapo.

"Tuanze na mwamba," alisema. "Mwamba hauna fundi."

Mpima mwenyewe ndiye aliyeshika utepe, kwa ombi la pande zote. Mita kumi na tano toka chemchemi zilimfikisha katikati ya kijito, maji yakamwingia kwenye viatu. Mwamba ulikuwa bado uko mbele yake. Aliendelea. Mita ishirini na saba.

"Kama jiwe limehamishwa," alisema Inspekta, "basi na mwamba umehamishwa. Niambieni nimkamate nani kwa mwamba."

Kamishna alivua miwani. Aliutazama mwamba, akautazama ukurasa, kisha polepole, kama mtu anayejaribu koti la marehemu baba yake, akanyoosha mikono yake yote miwili. Alikaa hivyo kidogo, karatasi ikipepea kwenye vidole.

"Bibi yangu alinipimia kitambaa cha sare ya shule hivi," alisema. "Mimi nimesaini ile barua."

Mpima alikuwa bado yumo majini. Alisema, bila kumwangalia mtu, kwamba yeye alidhani ni amri.

Walipima mpaka kwenye jiwe kwa utepe, kwa ajili ya kumbukumbu: mita sabini na mbili na vidole viwili. Makarani wawili waliandika tarakimu moja kwenye madaftari mawili. Nyuma, mwanamke mmoja alimwonyesha mwenzake bati la tatu kutoka ukingoni, ingawa wote wawili walilijua.

Ndipo Kamishna alipoinama akaona saruji. Aliuliza, kwa sauti ileile ya upole, nani aliligusa jiwe.

Mwenyekiti alitazama viatu vyake. Koplo alikuwa amemleta Timazi bila pingu, na Timazi alipiga hatua mbili mbele kabla mtu hajataja jina lake.

"Mimi. Lilikuwa limepinda, nikalinyoosha. Sikuomba ruhusa, na najua kosa langu."

Alivua ule uzi shingoni akamnyooshea Kamishna. Kamishna aliupokea, akaushika juu ya jiwe, akaacha kitonge kitulie. Watu wakatulia nacho. Uzi ulishuka kando ya jiwe toka juu hadi chini, na mwanga haukupata pa kupenya. Alizunguka upande wa pili, akajaribu tena. Kisha akawaita wenzake kando, na viongozi wa upande huu wakafuata, wakazungumza kwa muda ambao mke wa Timazi aliutumia kumhamisha mtoto bega moja hadi jingine mara tano.

Waliporudi, karani wa upande wa pili alisoma. Kosa la fundi limeandikwa na pande zote mbili, na pande zote mbili zimelisamehe. Mpaka huu una mawe kumi na mawili. Kumi na moja yaliyobaki yamelala kila moja na upande wake. Fundi atayanyoosha yote, mbele ya mashahidi wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule, na hakuna jiwe litakaloguswa shahidi mmoja akiwa hayupo.

Timazi aliomba arudishiwe uzi wake. Alipoupata hakuuvaa shingoni. Aliuzungusha kwenye kiganja cha mwanawe, ambacho kilijifunga juu ya kitonge kikakataa kufunguka.

Inspekta alikuwa akiandika mstari wa mwisho wa taarifa yake, jiwe la saba limesimama mahali pake, wima, Mwenyekiti alipojongea taratibu akisafisha koo. Hakumwangalia fundi. Aliangalia uwanja wa shule, juu, bendera inapopepea.

"Fundi," alisema, "na ule mlingoti?"

"Vidole viwili, Mwenyekiti," alisema Timazi, bila kugeuka. "Kuelekea darasa la pili. Nilishakwambia."